Wilaya Iliyohesabu Vifo Kabla ya Kuhesabu Fedha

Mwaka 1996, katika bajeti ya afya ya Wilaya ya Morogoro Vijijini, malaria ilitengewa asilimia 5 ya fedha. Wakati huohuo, malaria peke yake ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa ikipotea wilayani humo. Kifua kikuu, ambacho sehemu yake katika hasara hiyo haikufika asilimia 4, kilipata asilimia 22 ya fedha.

Mtu wa haraka angedhani kuna mjanja aliyejichotea. Kumbe bajeti ilikuwa inafuata mkondo wake wa miaka yote: ya mwaka huu ilitokana na ya mwaka jana, maagizo yalishuka kutoka wizarani, na wafadhili walikuja na fedha ambazo tayari zimepangiwa ugonjwa wao. Kifua kikuu kilikuwa na wenyewe. Malaria, ugonjwa wa kila nyumba, haikuwa na wa kuisemea.

Hesabu ya miaka ya uhai inahitaji maelezo kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja akifa, amepoteza miaka mingi kuliko mzee wa miaka sabini. Ukijumlisha miaka hiyo kwa kila ugonjwa, unapata picha ya kile kinachoiumiza jamii zaidi, na picha hiyo mara nyingi haifanani na foleni ya wagonjwa inayoonekana hospitalini.

Lakini takwimu hizo zilipatikanaje katika nchi ambayo wengi hufia nyumbani, bila daktari wala cheti cha kifo? Tangu 1992, Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walikuwa wanaendesha mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP. Uliendeshwa katika maeneo matatu: sehemu za Dar es Salaam, Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Licha ya jina lake, uliandika vifo vya rika zote. Makarani walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu. Palipotokea msiba, mhudumu aliyefunzwa alikwenda baadaye kuzungumza na wafiwa: homa ilianza lini, marehemu alikuwa anakohoa, alipata degedege, mlimpeleka wapi kwanza? Majibu yao yalisomwa na madaktari, nao wakakadiria chanzo cha kifo.

Ni kazi ya taratibu na yenye uchungu. Bila hiyo, hata hivyo, kikao cha bajeti kinakuwa baraza la kubahatisha.

Morogoro Vijijini ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo, kwa kuwa Mvomero ilimegwa baadaye, mwaka 2002. Ndani yake mlikuwa na Mgeta na Nyandira, ambako baridi ya Milima ya Uluguru inastawisha kabichi na karoti, na mlikuwa na Ngerengere, Mvuha na Duthumi kwenye joto la tambarare. Mbu wa malaria hupenda joto. Kadiri unavyopanda kuelekea kilele cha Kimhandu, kinachozidi mita 2,600, ndivyo anavyopungua. Hata hivyo mfumo wa dawa wa miaka ile ulikuwa wa makasha: zahanati ilipelekewa kasha lenye dawa za aina moja na kiasi kimoja na zahanati nyingine yoyote nchini, iwe iko kwenye ukungu wa Nyandira au kwenye mbu wa Mvuha. Huku dawa zikaisha mapema, kule zikabaki hadi zikaharibika.

Hapo ndipo ulipoingia mradi wa TEHIP. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini inaweza kupunguza sana mzigo wa maradhi kwa takriban dola 12 kwa mtu kwa mwaka, ilimradi fedha zielekezwe kwenye huduma zinazookoa maisha mengi kwa gharama ndogo. Tanzania ilikuwa inatumia kama dola 8. Wizara ya Afya na IDRC, shirika la Kanada linalogharimia utafiti, wakaamua kuijaribu hoja hiyo, kupitia TEHIP, katika Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya zilizokuwa na jumla ya watu wapatao 700,000. Kila wilaya ilifunguliwa mlango wa kupata hadi dola 2 za ziada kwa kila mkazi. Mwenye kuamua matumizi alikuwa timu ya afya ya wilaya, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na uamuzi wake ulipaswa kuwa na sababu inayoonekana.

Wilaya zilishindwa kuzimaliza fedha hizo. Zilichoweza kutumia vizuri hakikufika dola moja kwa mtu.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila anaposimama msemaji kulalamikia ufinyu wa bajeti. Ufinyu upo, tena mkubwa. Ila timu za Morogoro na Rufiji ziligundua kwamba kikwazo cha kwanza kilitangulia fedha: hazikuwa na njia ya kuona fedha zinakwenda wapi na vifo vinatoka wapi kwa wakati mmoja. TEHIP ikawapa zana rahisi, michoro ya nguzo inayoweka mzigo wa maradhi kando ya matumizi. Mtu asiyejua takwimu akiitazama michoro hiyo anaona mara moja nguzo gani ni ndefu na ipi ni fupi.

Baada ya kuitazama, mambo yalibadilika. Fedha za malaria na za watoto ziliongezwa. Wahudumu walifunzwa kumtibu mtoto mzima, yaani mtoto aliyeletwa kwa homa aangaliwe pia nimonia, kuhara, utapiamlo na surua, asirudishwe nyumbani na kidonge kimoja. Vyandarua vyenye dawa vilisukumwa vijijini. Vituo vya afya vikakabidhiwa jukumu la kusimamia zahanati za jirani, vikapewa redio za upepo na pikipiki, ili msimamizi asisubiri gari moja la wilaya lenye safari elfu. Pale majengo yalipokuwa yamechakaa, wanavijiji walitoa nguvu zao na vifaa vya mahali, mradi ukatoa vile visivyopatikana kijijini.

Waluguru, wenyeji wa Milima ya Uluguru, walikuwa na sababu ya kuithamini tofauti kati ya kushirikishwa na kuagizwa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ambayo wengi waliona yanawapa kazi bila mavuno. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu mmomonyoko wa udongo. Hawakuwa na mtu kijijini wa kuitetea.

Matokeo ya TEHIP yalisomwa duniani kote. Katika kipindi cha miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya zote mbili. Namba hiyo ndiyo inayopendwa na wanaosimulia habari za mradi, lakini kuna nyingine ndogo inayostahili heshima zaidi. Watafiti walilinganisha Morogoro Vijijini na Rufiji na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako mpango wa kumtibu mtoto mzima ulikuwa haujaanza. Katika miaka miwili ya ulinganisho, vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya za mpango, wala gharama hazikuwa kubwa zaidi. Asilimia 40 imebeba ndani yake mambo yaliyokuwa yanatokea nchi nzima, kama vile vyandarua na matone ya vitamini A. Kitaifa vifo hivyo vilishuka kutoka 147 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 1999 hadi 112 katika ule wa 2004-05. Asilimia 13 iko karibu zaidi na jasho la timu zenyewe.

Utafiti mwingine wa miaka hiyo, uliofanyika Rufiji, uliondoa lawama moja iliyozoeleka. Ilidhaniwa kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wanawapeleka kwa waganga wa kienyeji. Mazungumzo na wafiwa yalionyesha kwamba karibu wanane kati ya kila kumi waliofariki kwa malaria walikuwa wametafuta tiba ya kisasa kwa wakati fulani. Walifika, huduma ndiyo haikuwaokoa. Kwa anayesimamia zahanati, habari hiyo ni nzito, maana inauhamisha mzigo kutoka kwa mama mwenye mtoto mgongoni na kuuweka juu ya meza ya ofisi.

Kuna mahali ambapo ushindi huu haukufika. Wakati vifo vya watoto vinashuka, vifo vya wajawazito nchini vilikaa palepale: 529 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 1996, na 578 katika ule wa 2004-05. Mtoto mwenye malaria anaweza kuokolewa na zahanati yenye dawa na mhudumu makini. Mama anayevuja damu Kolero au Tegetero usiku wa mvua anahitaji barabara, gari, damu na chumba cha upasuaji, na hivyo haviamuliwi na timu ya afya peke yake. Vinapita kwa wahandisi, kwa wizara, kwa Bunge. Ilichukua miaka mingi hadi utafiti wa 2022 kutoa namba ya 104. Siku hizi upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, wa kumfikisha mama hospitalini hata kwa gari la mtu binafsi lililosajiliwa.

Sasa, nani anamsimamia msimamizi? Hapa ndipo kiini cha habari kilipo, na historia yake ina kituko. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya na miji chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, ambayo kwa kweli iliyapeleka madaraka kwa maofisa wa serikali kuu waliohamishiwa mikoani. Taka zikalundikana mijini, mifereji ikaziba, kipindupindu kikaingia katika miaka ya 1970. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na sheria namba 7 na 8 za 1982 zikarejesha serikali za mitaa nchini kote. Ugonjwa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowarudisha madiwani vitini.

Leo, kwa mujibu wa muundo, diwani wa Matombo au Mkuyuni ana nguvu zaidi ya anavyofikiriwa. Mpango wa afya wa halmashauri unapita kwenye kamati ya huduma za jamii na Baraza la Madiwani. Ipo Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri, na kila kituo kina kamati yake ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila mwaka, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huweza kumwita mkurugenzi ajieleze. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri.

Huduma za ustawi wa jamii ziko chini ya paa hilohilo. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana kazi ya kuhakikisha asiye na kitu hafungiwi dirisha. Mtandao ni mpana. Udhaifu wake uko kwa watu waliowekwa humo bila kuandaliwa: tafiti za miaka mbalimbali nchini zimekuta wajumbe wa kamati za vituo ambao hawakufunzwa kazi yao, vikao visivyoitishwa, na taarifa za fedha zilizoandikwa kwa lugha ya wahasibu. Michoro ya nguzo ya TEHIP ilifanya kazi kwa sababu ilieleweka. Ilitengenezwa kwa ajili ya waganga wa wilaya. Wenyekiti wa vijiji na wajumbe wa kamati nao wanahitaji kitu cha kufanana nayo.

Hilo linarekebishika bila kusubiri mradi wa nje. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Utakapoitishwa, msomaji, nenda ukaulize wajumbe wa kamati ya zahanati ni akina nani na walikutana lini mara ya mwisho. Omba kuona mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita. Kisha muulize mganga mfawidhi ni ugonjwa gani unaoua zaidi watu wa kata yako, na katika fedha zilizoingia, kiasi gani kilikwenda kupambana nao.