Afrika Kusini: Kusambaza habari ni bure, kuihakiki kuna gharama

Mjini Johannesburg, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika, watu wengi hawaisubiri tena habari gazetini. Huwafikia mkononi ikiwa imekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine: ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzao aliyeona picha au makala kwenye mtandao, akaituma katika kundi la WhatsApp pamoja na maoni yake.

Desturi ya kupashana habari ni kongwe kuliko simu. Kilichobadilika ni kasi ya habari na umbali inaoweza kufika kabla hajatokea mtu wa kuuliza imetoka wapi. Afrika Kusini imekwisha kuonja matokeo yake.

Moto wa India, hasira ya Lagos

Tarehe 1 Septemba 2019, ghasia zilizuka katika eneo la Jeppestown, karibu na katikati ya Johannesburg, na kuenea hadi Alexandra na vitongoji vingine. Maduka ya wahamiaji kutoka nchi nyingine za Afrika yaliporwa na kuchomwa moto. Tarehe 5 Septemba Rais Cyril Ramaphosa alisema watu wasiopungua 10 walikuwa wameuawa, wawili kati yao wakiwa raia wa kigeni. Baadaye idadi ya waliokufa ilifikia 12.

Ghasia hizo zilikuwa za kweli. Lakini sambamba na picha halisi, zilisambazwa nyingine ambazo hazikuhusika nazo hata kidogo. Video moja iliwaonyesha watu wakiruka kutoka katika jengo linalowaka moto, ikidaiwa kuwa ni mashambulio dhidi ya wageni nchini Afrika Kusini. Kwa hakika ilikuwa imepigwa Surat, nchini India, ambako moto uliozuka Mei 2019 katika jengo lenye kituo cha masomo ya ziada uliua wanafunzi 22.

Waziri wa mambo ya nje wa Nigeria wakati huo, Geoffrey Onyeama, alikanusha habari kwamba Wanigeria walikuwa wakichomwa moto au wakiruka kutoka majengoni. Hata hivyo hasira ilikuwa imekwisha kupanda. Mjini Lagos makundi ya watu yalivamia maduka yenye uhusiano na Afrika Kusini, na serikali ya Pretoria ikafunga kwa muda ubalozi wake wa Abuja na ubalozi mdogo wa Lagos. Huko Lubumbashi, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waandamanaji walivunja vioo vya ubalozi mdogo wa Afrika Kusini na kupora maduka.

Haiwezekani kusema kwamba video moja ndiyo iliyoyaleta yote hayo, kwani mauaji na uporaji wa Johannesburg vilitosha kuwaudhi watu. Lakini wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika siku zile, uvumi kuhusu damu iliyokuwa haijamwagika ulichangia kuzaa fujo mpya katika miji iliyokuwa mbali na ghasia zenyewe.

Bei ya kuhakikisha

Kwa nini mtu asambaze habari kabla ya kuichunguza? Jibu moja ni fedha.

Makampuni ya simu ya Afrika Kusini yamekuwa yakiuza vifurushi nafuu vinavyotumika kwa WhatsApp pekee. Mwenye kifurushi kama hicho anaweza kupokea na kusambaza ujumbe mchana kutwa, lakini akitaka kuifungua tovuti iliyotajwa ndani ya ujumbe huo hulazimika kununua data nyingine. Wengi huishia kusoma kichwa cha habari na maneno ya aliyeituma. Hapo maoni ya msambazaji hugeuka kuwa ndiyo habari.

Suala la bei liliwahi kuchunguzwa. Desemba 2019, Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilisema bei za data zilikuwa juu mno, na kwamba maskini, ambao hununua kidogo kidogo, walikuwa wakilipa zaidi kwa kila kipimo kuliko wenye uwezo. Baada ya makubaliano na tume, kampuni ya Vodacom ilishusha bei ya gigabaiti moja kwa mwezi kutoka randi 149 hadi randi 99 kuanzia Aprili 2020.

Kujibu kwa njia ile ile

Shirika la Africa Check, lililoanzishwa mwaka 2012 na kuweka makao yake Johannesburg, huchunguza ukweli wa madai yanayotolewa hadharani. Tangu mwaka 2017 lina ofisi pia mjini Nairobi.

Mwaka 2019 lilishirikiana na kampuni ya Volume, pia ya Johannesburg, kuanzisha kipindi kiitwacho What's Crap on WhatsApp? Wasikilizaji walituma ujumbe waliokuwa na shaka nao, na majibu yakawarudia kwa ujumbe mfupi wa sauti ndani ya WhatsApp. Hivyo sahihisho liliweza kusambazwa kwa gharama ile ile ndogo iliyousambaza uongo.

WhatsApp nayo ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe mmoja unaweza kutumwa kwa mara moja hadi matano, Januari 2019. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi uliwekewa kikomo cha mazungumzo mamoja kwa kila mara.

Mjadala usio na mhariri

Kwa upande wa maoni, tovuti kubwa ya habari ya News24 iliamua Septemba 2015 kufunga sehemu ya wasomaji chini ya habari zake, kutokana na wingi wa matusi na kauli za chuki. Mjadala haukufa. Ulihamia kwenye mitandao ya kijamii na makundi ya simu, mahali ambapo hakuna mhariri wa kufuta neno.

Sheria imejaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya makosa ya mtandao, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika Desemba 2021, inamfanya mtu anayetuma ujumbe kwa nia ya kuchochea vurugu au uharibifu wa mali kukabiliwa na faini au kifungo cha hadi miaka mitatu. Kutuma anwani tu ya mahali ujumbe huo unapopatikana nako kunahesabiwa. Miezi mitano kabla yake, Julai 2021, zaidi ya watu 350 walikuwa wamekufa katika machafuko ya KwaZulu-Natal na Gauteng, ambako wito wa kupora na habari za uongo vilienea kwa simu.

Lakini sheria huja baada ya tukio. Kwa anayepokea picha ya kutisha usiku, maswali ya kujiuliza ni machache: imepigwa wapi, lini, na je, kuna chombo kingine kilichoitangaza? Kwa asiyekuwa na data ya kufungua tovuti, taarifa ya habari ya redio ingali inasikika bila kulipia kifurushi. Kusubiri taarifa hiyo kabla ya kusambaza huenda kukachukua saa moja.