Karatasi Kutoka London: Jinsi Loji ya Waafrika ya Boston Ilivyozaliwa

Mtajie mtu Frimasoni ndani ya daladala ya Dar es Salaam au matatu ya Nairobi, na mazungumzo yatageukia papo hapo utajiri wa ghafla, pete, nyoka na kafara. Matapeli wanaijua hofu hiyo na wanaila vizuri: hubandika matangazo kwenye nguzo za umeme yenye namba ya simu, wakiahidi kumwingiza mtu chamani kwa ada kidogo. Marehemu Sir Andy Chande, aliyekiongoza chama hicho Afrika Mashariki kwa miaka mingi, hakuficha uanachama wake, lakini minong'ono haikukoma. Sina nia ya kukisafisha chama hicho wala kukipaka matope. Naitazama loji moja tu, yaani tawi moja la chama, ile iliyoanzishwa na watu weusi wa Boston, Marekani, katika karne ya 18, kwa sababu historia yake haiendani na dhana tuliyoizoea. Tukizifuata nyaraka zake moja baada ya nyingine, tunaona kwamba siri haikuwafaa sana watu wale. Kilichowafaa ni karatasi: kibali, hati, barua, ombi kwa Bunge, tangazo gazetini.

Mwanzilishi wake ni Prince Hall. Kuhusu utoto wake kuna hekaya ndefu, nyingi zikitokana na kitabu cha William Grimshaw cha mwaka 1903, kilichodai kwamba alizaliwa Barbados kwa baba Mwingereza. Wanahistoria waliutafuta ushahidi wa madai hayo, hawakuuona. Kilichopo ni cheti cha Aprili 1770 ambacho kwacho William Hall, mtengenezaji ngozi wa Boston, alimtambua Prince Hall kuwa mtu huru. Kazi ya ngozi hakuiacha hata baada ya hapo; ipo ankara ya mwaka 1777 inayoonyesha kwamba aliliuzia jeshi la mizinga la Boston ngozi za kuwambia ngoma. Kwa mtu mweusi wa wakati ule, cheti kama kile ndicho kilichomtenga na mnada. Aliyeishi hivyo hakuhitaji kufundishwa thamani ya maandishi yenye sahihi.

Mapokeo ya chama yanasema kwamba tarehe 6 Machi 1775 Hall na wenzake 14 walipokewa kuwa Mafrimasoni na sajini John Batt wa kikosi cha 38 cha jeshi la Uingereza. Vikosi vya Uingereza vilikuwa na loji zao zilizohama nao kokote walikopelekwa, na ya kikosi hicho ilikuwa Loji namba 441, iliyopata idhini yake Ireland. Watafiti wa miaka ya karibuni, wengine wakiwa ni wanachama wenyewe, wanaisogeza tarehe hiyo hadi 1778, Batt alipokuwa ameshaachana na kikosi chake. Wapo wanaoona kwamba hoja hiyo inaiporomosha historia yote: ikiwa sajini huyo hakuwa na mamlaka na alikuwa anajichumia ada tu, basi loji nzima imesimama juu ya utapeli. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama loji ingekuwa imezaliwa usiku ule. Haikuzaliwa usiku ule. Watu 15 walilipa, wakapewa ishara na viapo, wakatoka nje wakiwa hawana haki moja mpya ambayo mtu yeyote mjini angelazimika kuiheshimu.

Haki ya kwanza waliipata kwa John Rowe, mfanyabiashara aliyekuwa kiongozi wa Frimasoni wa kizungu Boston, nayo ilikuwa finyu. Kama Hall alivyoeleza baadaye katika barua, Rowe aliwapa kibali cha mambo mawili: kuandamana siku za Mtakatifu Yohana na kuzika wafu wao kwa taratibu za chama. Kwa sheria za Frimasoni, kundi lisilo na hati haliruhusiwi kupokea wanachama wapya wala kupandisha watu daraja, kwa hiyo kibali hicho kiliwaruhusu kuonekana na kufa, lakini si kuongezeka. Hata hivyo walikitumia. Desemba 1782 waliandamana, na gazeti moja la mjini likawaandika kwa kejeli, likiwabandika jina la loji ya “Mtakatifu Mweusi”. Hall hakuinyamazia kejeli hiyo. Aliliandikia gazeti kwa upole wenye makali kwamba hilo silo jina lao na kwamba hawakuwa wakitafuta vyeo vikubwa. Fundi ngozi aliyekuwa mtumwa miaka 12 nyuma anamsahihisha mhariri mzungu hadharani, akizungumza kama mkuu wa taasisi yenye jina. Hapo naona dalili ya kwanza ya loji yenyewe kuliko katika kiapo chochote.

Machi 1784 Hall alimwandikia William Moody, kiongozi wa loji moja ya London, akiomba hati kamili. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini London? Vita vya uhuru vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, na Hall mwenyewe alikuwa upande wa wazalendo. Januari 1777 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi ombi kwa Bunge la Massachusetts la kukomesha utumwa, wakidai kwamba haki ambazo taifa jipya lilizipigania ni zao pia. Kumshitaki kwa kumkumbatia adui, basi, ni kupuuza mlango uliokuwa umefungwa nyumbani. Mafrimasoni wa Boston hawakuwa tayari kuwapa hati. London, iliyokuwa mbali na haikuhofia kukaa nao meza moja, haikuwa na cha kupoteza.

Hati ilitiwa sahihi tarehe 29 Septemba 1784. Ilimtaja Prince Hall kuwa mkuu, Boston Smith na Thomas Sanderson wakiwa wasaidizi wake, na kuiita Loji ya Waafrika, namba 459. Lakini haikumfikia Hall mpaka Aprili 1787, ilipoletwa na nahodha James Scott. Haikupita muda Hall akatangaza gazetini kwamba hati imefika. Tafakari kidogo: kiongozi wa chama tunachoambiwa kinaishi gizani, jambo lake la kwanza baada ya kupata mamlaka ni kuuarifu mji mzima.

Ndani ya hati ile hamkuwa na neno la kumwachia huru mtu yeyote. Ilichotoa ni umbo: mkutano unaotambulika, mweka hazina, katibu, kumbukumbu, na orodha ya watu wanaoweza kuitwa siku ya shida. Massachusetts ilikuwa mahali pa kutatanisha. Mahakama zilikuwa zimeuvunja utumwa mwaka 1783 bila Bunge kutunga sheria ya kuufuta, na mtu huru aliweza kutekwa bandarini na kuuzwa. Ndivyo ilivyotokea Februari 1788, wanaume watatu weusi waliporubuniwa kupanda meli kwa ahadi ya kazi, kisha wakapelekwa visiwa vya Karibi. Mwezi huohuo Hall na wanachama 21 wa loji walipeleka ombi Bungeni, huku wachungaji na Wakwekeri wakipeleka la kwao. Machi sheria ikapita ya kuwakataza wakazi wa jimbo biashara ya watumwa, gavana John Hancock akaandika barua kuwadai mateka, na kabla ya mwaka kwisha wakarudi. Mchungaji Jeremy Belknap, aliyelifuatilia suala hilo, aliandika kwamba mmoja wa watatu hao alikuwa mwanachama wa loji. Nisizidishe: loji haikuvishinda vita hivyo peke yake, na Bunge hilohilo, mwezi huohuo, lilipitisha sheria nyingine ya kuwatimua Waafrika wasio raia wa jimbo lolote la Marekani. Lakini bila loji, nani angekusanya sahihi 22 ndani ya wiki chache?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hawa walikuwa wachache waliojipendekeza kwa wazungu, wakavaa aproni zao na kuiga sherehe zao. Lina ukweli ndani yake. Wanawake waliachwa nje kabisa, na ada iliwaweka mbali wengi waliokuwa maskini. Novemba 1786 Hall alimwandikia gavana James Bowdoin akijitolea kusaidia kuzima uasi wa wakulima wa Shays, jambo ambalo mtetezi wa wanyonge angelikwepa. Alikataliwa. Ila tazama kilichofuata: Januari 1787 Hall aliongoza zaidi ya watu 70 kuliomba Bunge liwasaidie kurudi Afrika, na Oktoba akadai shule za watoto weusi, kwa kuwa wazazi wao walilipa kodi kama wengine. Maombi yote mawili yaligonga mwamba. Anayejipendekeza hukatwa kauli akikataliwa mara moja; Hall alizidisha madai. Katika hotuba yake kwa wanachama ya mwaka 1797, iliyochapishwa, aliyataja waziwazi matusi waliyopigwa mitaani Boston na akawakumbusha mapinduzi ya Haiti.

Kama ilikuwa kuiga tu, wazungu wasingehangaika nayo. Mchungaji mmoja mzungu wa Boston wa wakati huo aliandika kwamba Mafrimasoni wa kizungu hawakuitambua loji hiyo, na akasema wazi kwamba waliona aibu kuwa sawa na weusi. Mwaka 1797 Peter Mantore wa Philadelphia alimwandikia Hall akiomba hati, akieleza kwamba wazungu wa huko wamewanyima kwa kuhofia kwamba watu weusi wa Virginia nao wangekuja kuwa Mafrimasoni. Virginia ilikuwa nchi ya mashamba na watumwa. Walijua mtandao wa mawasiliano unafanya nini. Hall aliwapa hati, na Absalom Jones akawa mkuu wa loji hiyo. Mlango ambao London ilimfungulia, sasa alikuwa anawafungulia wengine.

Hall alifariki Desemba 1807. Mwaka 1813 London iliifuta loji hiyo kwenye orodha yake pamoja na nyingine nyingi zilizokatika mawasiliano, na mwaka 1827 Boston ikatangaza kwamba haitakuwa tena chini ya loji kuu yoyote. London haikuwatambua tena warithi wao wa Massachusetts hadi 1994. Miaka hiyo yote walijiongoza wenyewe, wakanunua viwanja na kujenga majengo katika majimbo mengi. Mwanaharakati Medgar Evers alipokuwa akiiendesha ofisi ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini Jackson, Mississippi, kabla ya kuuawa Juni 1963, ofisi hiyo ilikuwa ndani ya jengo la Frimasoni wa Prince Hall, mtaa wa Lynch. Mwenye nyumba mzungu angeweza kumtoa siku yoyote kwa simu moja ya polisi. Lakini hati ya jengo lile ilikuwa mikononi mwa watu weusi.