Masi na ethi: moteri ya esuiglasi inaponyamaza

Mvua ikikukuta kwenye barabara ya Uvira–Bukavu bila esuiglasi, huoni mbele. Kwa gari la zamani, uchunguzi huanza na sikio: moteri ya esuiglasi inalia au imenyamaza? Ikilia na mikono haiendi, umeme unafika. Kagua nati za mikono na vyuma vinavyoiunganisha na moteri. Ikinyamaza, tazama fizibo, kisha pima kama volti 12 zinafika. Zikifika, safisha masi: kutu pale waya unapofungwa kwenye chuma cha gari huzuia umeme kurudi kwenye betri. Ikibaki kimya, ndipo uifungue.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, vitu hivyo ni waipa, fyuzi na ethi. Sisi tulichukua kwa Kifaransa, wao kwa Kiingereza. Mwongozo wenye maneno ya upande mmoja tu unaweza kumfanya fundi wa upande wa pili anunue moteri mpya wakati msasa ungetosha. Kwa hiyo naona kamusi zetu za ufundi ziandike masi na ethi pamoja, zikieleza kazi yake: njia ya umeme kurudi.