Lengalenga ya Nyumbani: Namna ya Kuipanda kwa Mbegu

Kila jioni watu wa Kamina hula bukari. Bukari hushibisha tumbo, lakini peke yake haitoshi kuujenga mwili. Wakati wa mvua mboga ni nyingi, nyingine huota zenyewe nyuma ya nyumba. Lakini mvua zikikoma, kuanzia mwezi wa tano hata wa tisa, majani hukauka, na mama hushika njia ya soko kila siku. Siku asipokuwa na fedha, watoto hula bukari na chumvi.

Neno hili si dogo. Majani ya kijani yana chuma, ambacho damu hukihitaji, na chakula cha macho kinachoitwa vitamini A. Mtoto akikosa vitamini A siku nyingi, huanza kutoona vema jioni. Ugonjwa ukizidi, aweza kupofuka. Basi panda lengalenga karibu na mlango wako.

Labda utasema: «Lengalenga ni mboga ya bure, huota jalalani. Kwa nini nifundishwe kuipanda?» Nakujibu: ile ya jalalani hutoa maua upesi, na majani yake ni madogo na magumu. Ile inayopandwa na kutunzwa hukupa majani mapana, tena mara nyingi.

1. Mahali na udongo. Chagua mahali penye jua, karibu na maji. Tengeneza tuta lenye upana wa metre 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Wakati wa mvua uliinue tuta. Wakati wa kiangazi ulishushe kidogo, ili maji yasikimbie. Udongo wa mchanga hauna nguvu wala haushiki maji, kwa hiyo changanya samadi ya mbuzi au ya kuku iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza miche. Zungushia ua wa matete, maana kuku na mbuzi hawangoji ruhusa.

2. Kusia mbegu. Hapa ndipo wengi hukosea. Mbegu ya lengalenga ni ndogo sana: gramme 1 tu ina mbegu zaidi ya elfu. Mbegu ndogo ina akiba ndogo ya chakula, na ukiifukia chini sana hufa kabla ya kufika juu. Mimi mwenyewe, nilipoanza, nilifukia mbegu zangu kwa jembe kama mahindi. Nikangoja, halikutoka hata jani moja, nikasema mbegu ni mbaya. Mbegu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la jembe langu.

Fanya hivi: twaa nusu ya kijiko cha chai cha mbegu kwa kitalu cha metre 1 kwa metre 1. Ichanganye na kopo moja la mchanga mkavu, ili zisianguke pamoja. Nyunyiza juu ya udongo uliolowana, kisha funika kwa udongo laini, mwembamba kama ukucha. Tandaza majani makavu juu yake. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, usimwage kwa ndoo. Kukiwa na joto, miche huonekana baada ya siku 3 hata 5. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba hukawia. Ikichipuka tu, ondoa yale majani.

3. Kuhamisha. Baada ya majuma mawili au matatu, miche ikiwa na majani manne au zaidi, ihamishe jioni, si wakati wa jua kali. Acha sentimetre 20 kati ya mche na mche. Ile unayoipunguza usiitupe, ni mboga. Mwagilia kila asubuhi wakati wa kiangazi. Angalia chini ya majani, na ukiona viwavi, viondoe kwa mkono.

4. Kuchuma. Usiing'oe. Kata shina sentimetre 15 juu ya udongo, ukiacha majani machache chini. Litatoa matawi mapya, na baada ya majuma mawili utakata tena. Kata kabla ya maua, kwa kuwa maua yakitoka majani hupungua. Sia kitalu kingine kila baada ya majuma matatu, ili mboga isikatike nyumbani. Katika kuipika tia mafuta ya mawese kidogo au karanga zilizotwangwa, maana mwili hupokea vitamini A vema pamoja na mafuta.

5. Mbegu ya mwaka ujao. Angalia sana neno hili. Watu wengi hula mimea mizuri, na kuchukua mbegu katika ile iliyotoa maua upesi, kwa sababu haifai tena kuliwa. Lakini mtoto hufanana na mzazi. Ukifanya hivyo kila mwaka, mwisho utakuwa na lengalenga yenye maua mengi na majani machache, nawe utasema udongo umechoka. Kwa hiyo chagua mimea 5 yenye majani mapana, iliyokawia kutoa maua. Ifunge kitambaa, uwaambie watu wa nyumba wasiikate. Lengalenga ya miiba ing'oe karibu nayo kabla haijachanua.

Masuke yakianza kukauka, na mbegu zikianguka ukiyatikisa, yakate, uyaanike juu ya nguo, uyapige, upepete. Tia mbegu kavu katika chupa safi, uifunge vema, uiweke mahali pakavu pasipo joto.

Chupa hiyo moja yatosha nyumba yako na ya jirani. Mpe naye mbegu, lakini mwonyeshe pia namna ya kuzifunika, asije akazizika kama nilivyofanya mimi.