Kuku wa Kwanza Nyumbani Penye Watoto Wadogo

Wazee husema kuku wa maskini hatagi, akitaga, haangui, akiangua, mwewe huchukua. Mithali hiyo imewafanya watu wengi wadhani kwamba kufuga kuku ni jambo la bahati. Lakini mtu akiyachunguza mambo yenyewe ataona kuwa maskini huyo hakukosa bahati, bali alikosa banda, chanjo, na mtu wa kuwaangalia kuku wake kila siku. Tena liko jambo moja ambalo mithali haikulitaja, nalo ndilo kubwa kupita yote katika nyumba yenye watoto wadogo: mahali kuku wanapolala.

Mwaka 2016 watafiti wawili, Derek Headey na Kalle Hirvonen, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wa mashambani katika nchi ya Ethiopia. Waliona kwamba, kwa jumla, watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa na kimo kizuri kuliko wa nyumba zisizo na kuku. Lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya watu, kimo cha watoto kilikuwa kidogo. Sababu inayodhaniwa si ngumu kuielewa. Mtoto atambaaye hutia kinywani kila akiokotacho, na kinyesi cha kuku huweza kuwa na vijidudu, kama vile salmonela, viletavyo kuhara na kudhuru matumbo, hata chakula kizuri kisimfae mwilini. Kuku mwenyewe aweza kuwa navyo asionekane mgonjwa hata kidogo. Basi kuku yule yule anayemkuza mtoto kwa yai lake aweza kumdhuru kwa kinyesi chake.

Kwa hiyo hapana budi banda lijengwe kwanza, kuku wanunuliwe baadaye. Wengi hufanya kinyume. Hununua kuku sokoni, wakawaweka jikoni kwa siku mbili tatu, na siku hizo zikageuka kuwa miaka.

Kwa kuku 5, banda lenye sakafu ya futi 4 kwa 5 latosha. Yafaa liinuliwe juu ya ardhi, paa lisivuje, na upande mmoja utiwe wavu wa waya wenye matundu madogo, ili hewa ipite lakini kicheche na nguchiro wasipenye. Ndani ziwepo fito za kulalia, maranda ya mbao sakafuni, na kiota kimoja chenye upana wa futi 1. Mlango utiwe kufuli, maana wezi wa kuku hawajaisha. Mchana kuku wakae katika ua wao wenyewe, mbali na mahali watoto wanapocheza na wanapolia chakula.

Mwanzo mzuri ni kununua tembe waliokaribia kutaga, wala si vifaranga wa siku moja. Kifaranga hutaka joto usiku na mchana kwa majuma kadhaa, na ni vigumu kumzuia mtoto asimshike na kumbusu. Jogoo naye si lazima. Kuku hutaga bila jogoo. Kazi yake ni kutia mbegu mayai yatakayoatamiwa kwa siku 21 hata yaanguliwe. Tena jogoo mkali aweza kumrukia mtoto mdogo na kumjeruhi usoni. Atakaye kuku wa kienyeji walioboreshwa aweza kuuliza habari za wale wanaokuzwa na shirika la utafiti la KALRO huko Naivasha.

Kuku mmoja atagaye hula kadiri ya gramu 120 za chakula kwa siku, yaani kuku 5 hula gramu 600. Mabaki ya ugali na majani ya sukuma wiki ni nyongeza nzuri, lakini hayatoshi peke yake. Wapewe chakula cha kuku watagao, na chokaa ya mifugo au magamba ya kome yaliyosagwa, ili maganda ya mayai yawe magumu. Maji safi yasikosekane hata saa moja wakati wa jua kali.

Adui mkubwa kuliko mwewe ni maradhi ya Newcastle, ambayo wengi huyaita kideri. Maradhi haya huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, wala hayana dawa ya kuyaponya. Kinga yake ni chanjo. Dawa ya chanjo iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku aliye mzima, na hurudiwa baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwenye kuku 5 asitoe udhuru kwamba chupa ni kubwa mno kwake. Na awashauri jirani zake wachange fedha na kuchanja siku moja. Hapo atakuwa amejikinga mara mbili, kwa sababu kideri hutoka kwa jirani.

Sheria za watoto na ziwe chache, nazo zifuatwe na wakubwa pia. Aliye chini ya miaka 5 hatazami kuku ila kwa macho. Mkubwa wake aweza kuokota mayai na kutia maji, akiwa amevaa viatu vya bandani, ambavyo haviingii nyumbani. Kila atokaye bandani hunawa mikono kwa sabuni. Samadi hurundikwa ioze kwa miezi kadhaa kabla ya kutiwa shambani. Mayai hupikwa hata kiini kikauke.

Katika nyumba nyingi mtoto hupewa kuku mmoja akaambiwa, "Huyu ni wako." Ni desturi njema, lakini ina ahadi ndani yake. Akija mgeni na kuku huyo akachinjwa bila mtoto kuulizwa, mtoto amefundishwa kwamba neno la baba lina mwisho wake. Heri aambiwe mapema kuku ni wa nini, na akiuzwa apewe haki yake.

Mwisho, yai liende kwa nani? Huko Ecuador, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6 walirefuka kuliko wenzao. Uchunguzi kama huo nchini Malawi haukuonyesha tofauti hiyo, na watoto wengi wa huko walikuwa wakila samaki tangu awali. Maana yake ni kwamba yai humfaa zaidi mtoto asiyekuwa na kitoweo kingine. Basi mwenye kuku asiyapeleke mayai yote sokoni ili anunue majani ya chai na sukari, huku mtoto wake akinywa uji mtupu. Yai la kwanza la siku na liwe la mdogo wa nyumba. Yatakayobaki ndiyo ya biashara.