Maana na Matumizi ya Kivumishi "Safi" Mimbarani

Kivumishi cha Kiingereza "clean" hufasiriwa kwa Kiswahili "safi". Na "pure" vilevile. Kwa hiyo katika Mathayo 5:8, ambapo Biblia za Kiingereza hutumia "pure", sisi twasoma habari za moyo safi, kwa neno lile lile tulitumialo kwa shuka na sahani. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo halipokei kiambishi cha ngeli: mtu safi, watu safi, maji safi.

Katika bonde la Kilombero twaweza kupambanua maana tatu. Ya kwanza ni ya macho: kisicho na taka. Hata hivyo, maji ya kisima yaweza kung'aa huku yamebeba vimelea vya kipindupindu. Ndiyo maana husemwa "maji safi na salama", kwa kuwa neno la kwanza peke yake halitoshi. Ya pili ni ya sifa: "kazi safi", au jibu la anayeulizwa habari. Ya tatu ni ya ibada: katika Walawi 13 kuhani humtangaza mtu kuwa safi au najisi.

Hapa ndipo mhubiri aweza kujeruhi. Ifakara imekuwa na kituo cha Nazareti, kilichohudumia wenye ukoma. Mgonjwa akisikia mimbarani kwamba mwenye ukoma "si safi", aweza kudhani anashutumiwa uchafu wa mwili, au dhambi. Lakini ukoma husababishwa na bakteria waliogunduliwa na Hansen mwaka 1873, nao hutibika kwa dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Tena neno la Kiebrania katika Walawi 13 na 14 lahusu hata ukungu wa nguo na nyumba; halilingani na ugonjwa huu mmoja.

Luka 17:11-19 yatufundisha kupima maneno. Watu kumi walitakasika. Mmoja wao aliona kwamba amepona, akarudi kushukuru. Ndiye aliyeambiwa kwamba imani yake imemwokoa. Kiyunani nacho kina vitenzi vitatu mbalimbali. Basi tuseme "alitakaswa" panapohusika sheria ya ibada, na "aliponywa" panapohusika mwili. Na moyo safi tuuhubiri kwa wote, wazima na wagonjwa, kwa maana sote twauhitaji.