Rangi ya gari ni mtaji: kitambaa kikavu chawatia hasara wafanyabiashara

MFANYABIASHARA mmoja wa iliki kutoka Maramba, wilayani Mkinga, aliteremka Tanga mjini kuuza gari lake dogo ili apate fedha za kununulia mzigo wa msimu. Injini ilikuwa nzima, matairi mapya na karatasi zote zilikuwa sawa. Dalali alikwisha kuwapatanisha kwa Sh. milioni 14. Mnunuzi akaomba jambo moja tu: gari litolewe kivulini, lisogezwe juani.

Juani ndipo mambo yalipoharibika. Boneti, paa na milango vilikuwa vimejaa michirizi myembamba iliyozungukana kama utando wa buibui. Mnunuzi akapunguza laki saba palepale. Muuzaji, kwa kuwa msimu haumngojei mtu, akakubali huku akilalamika kuwa gari lile halijapata kugonga hata mbuzi.

Hakusema uongo. Michirizi ile haikutokana na ajali wala na miiba ya njiani. Ilitokana na kuoshwa. Kila wiki kijana alilipwa kulisafisha gari, na kila wiki alilikwaruza kidogo bila yeye wala mwenye gari kujua.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei za mazao, mikopo na mitaji. Leo tunaitazama mali ambayo wasomaji wetu wengi wanayo au wanaitafuta. Kwa mfanyabiashara mdogo, gari ni chombo cha kazi na pia ni akiba. Siku ya shida ndilo linalouzwa kwanza. Kila mwaka thamani yake hupungua kwa uchakavu. Sehemu ya uchakavu huo haizuiliki, kwani umri na kilomita huongezeka tu. Lakini sehemu nyingine imo mikononi mwa mwenyewe, na rangi ni mojawapo.

VUMBI NI MSASA

Anayetoka Tanga kwenda Maramba hushika barabara ya lami ya Horohoro, kisha huiacha na kuingia njia ya udongo kuelekea kwenye vilima vya chini ya Usambara Mashariki. Kiangazi, gari hufika limefunikwa vumbi jekundu kiasi kwamba rangi yake halisi haitambulikani. Masika, vumbi hilo hugeuka kuwa tope.

Vumbi hilo si unga laini kama linavyoonekana. Limetokana na miamba migumu iliyosagika, na ndani yake mna chembe za kwazi, yaani mawe yale meupe yanayong'aa kwenye mchanga. Mwaka 1812 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Mohs, alitunga kipimo cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10, kwazi ni 7. Kioo cha dirisha hakifiki 6, ndiyo maana kipande cha kwazi hukikwaruza kioo. Rangi ya gari ni laini zaidi ya kioo.

Wafanyabiashara wa vito wanaokwenda Bonde la Umba wanalielewa jambo hili kuliko wengine. Bonde hilo linajulikana kwa yakuti na garneti. Garneti, jiwe la urembo lenye ugumu unaokaribiana na wa kwazi, husagwa pia viwandani na kubandikwa kwenye karatasi ili kutengeneza msasa wa seremala. Basi anayechukua kitambaa kikavu na kufuta gari lililojaa vumbi anafanya kazi ileile ya seremala. Tofauti ni kwamba seremala anajua kuwa anakwangua.

TABAKA JEMBAMBA KULIKO UNYWELE

Magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani yana matabaka kadhaa ya rangi. Chini kuna rangi ya kuzuia kutu, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo. Tabaka hilo la juu ndilo linalolipa gari mng'ao na kuikinga rangi isichomwe na jua.

Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 35 na 50. Milimita moja ina mikroni 1,000, na unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Kwa maneno mengine, kinachotenganisha rangi ya gari lako na jua la Tanga ni chembamba kuliko unywele mmoja.

Wapo wanaosema kuwa dawa ya mikwaruzo ni kupiga polishi. Ni kweli polishi ya kukata huondoa michirizi, lakini huiondoa kwa kupunguza tabaka lenyewe mpaka lilingane na kina cha mkwaruzo. Ni sawa na kutoa fedha benki bila kuweka: utafanya hivyo mara chache, halafu akaunti itakauka. Magari yenye boneti na paa lililopauka na kubanduka kama ngozi ya nyoka ni yale ambayo tabaka la juu limekwisha au limekufa kwa jua. Hapo polishi haisaidii tena. Ni kwenda kwa fundi wa bodi kupiga rangi upya.

JINSI YA KUOSHA

Kanuni ni moja: ondoa mchanga kwanza, kisha ndipo uguse rangi. Hatua nyingine zote zinatokana na hiyo.

Kwanza, weka gari kivulini na usubiri boneti ipoe. Juani, maji ya sabuni hukauka kabla hujasuuza na kuacha madoa.

Pili, mwagia maji gari zima kuanzia paani kushuka chini, bila kugusa kwa mkono wala kitambaa. Mpira wa maji ni bora, lakini hata kopo na ndoo vinafaa. Kwenye tope kavu, lowesha, subiri dakika chache, mwagia tena. Anayetumia pampu ya presha akae umbali wa sentimita 30 au zaidi, wala asiielekeze mahali ambapo rangi imeanza kuinuka, kwani itabanduka.

Tatu, tumia ndoo mbili. Moja iwe ya maji yenye sabuni, nyingine iwe ya maji matupu. Kila ukipitisha kitambaa kwenye sehemu moja ya gari, kisuuze kwanza kwenye ndoo ya maji matupu, ukikamue, ndipo ukichovye kwenye sabuni. Mchanga utatua chini ya ndoo ya kusuuzia, hivyo usiparuze kitambaa chini kabisa. Maji yakichafuka yabadilishe. Mwenye ndoo moja anautoa mchanga mlangoni na kuupeleka kwenye boneti.

Nne, anza juu malizia chini. Paa, vioo, boneti na buti, kisha milango, mwisho sehemu za chini na bampa ambako mchanga ni mwingi. Rimu na matairi viwe na kitambaa chake, ambacho hakitagusa bodi kamwe, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma. Pitisha kitambaa kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Acha sabuni ifanye kazi. Kitambaa kikianguka chini kiweke kando mpaka kifuliwe.

Tano, suuza kwa maji mengi, kisha kausha kwa taulo safi laini. Maikrofaiba ni nzuri kwa sababu nyuzi zake hufyonza maji bila kusuguliwa. Iweke juu ya maji na uivute taratibu. Ukiona bado pana uchafu, usiufute. Rudia kusuuza.

Kwa gari dogo, ndoo nne au tano za lita 20 hutosha mwenye mkono mwangalifu.

SABUNI, NDEGE NA CHUMVI

Sabuni ya unga ya kufulia imezoeleka kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Tatizo lake ni ukali: imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari huondoa nta inayokinga rangi. Chembe zisizoyeyuka vizuri nazo hukwaruza. Sabuni ya maji ya kuoshea magari ni ghali kidogo, lakini hutumika kidogo kwa ndoo nzima. Makumbi ya nazi, dodoki kavu na sponji iliyokatwa kwenye godoro kuukuu viachwe kwa sufuria na sakafu.

Aidha, wapo wanaochanganya maji na mafuta ya taa ili gari ling'ae. Mng'ao huo ni wa muda. Mafuta hushika vumbi jipya mara gari likitoka barabarani, na mpira wa milango na madirisha huharibika.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa miembe visingojee siku ya kuosha. Vikiachwa juani huila rangi. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika chache vilainike, kisha viinue bila kusugua.

Kwa wasomaji wa Tanga mjini, Moa na vijiji vingine vya pwani, upepo wa bahari huleta chumvi ambayo huharakisha kutu. Huko suuza hata chini ya gari, na usithubutu kutumia maji ya bahari kwa kisingizio kuwa ni ya bure.

HESABU YAKE

Tufanye hesabu kwa mfano. Msomaji aweke bei za kwake. Tuchukulie kuosha kwa kawaida ni Sh. 5,000, na kuosha kwa ndoo mbili, sabuni nzuri na taulo safi ni Sh. 7,000. Tofauti ni Sh. 2,000. Kwa wiki 52 ni Sh. 104,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni Sh. 312,000.

Gari la Sh. milioni 14 likipunguzwa bei kwa asilimia 5 tu kwa sababu ya rangi, hasara ni Sh. 700,000. Mwenye gari aliyeona Sh. 2,000 ni nyingi atakuwa amepoteza Sh. 388,000 zaidi ya alichookoa, kabla hatujahesabu polishi wala fundi. Na anayeosha mwenyewe nyumbani halipi hata hiyo tofauti. Gharama yake ni ndoo ya pili na subira.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Kuna upande mwingine wa hesabu hii. Kuosha magari ni biashara ambayo vijana huingia kwa mtaji mdogo, ndiyo maana ushindani wake ni wa bei tu: huyu akitoza 5,000, jirani atatoza 4,000. Mji kama Maramba, wenye kambi ya JKT na magari yanayobeba viungo, nazi na matunda, hauna uhaba wa magari machafu. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mteja: gari lako hapa halikwaruzwi.

Tuchukulie kijana ameongeza vifaa: taulo 10 za maikrofaiba kwa Sh. 4,000 kila moja, ndoo nne kwa Sh. 8,000 kila moja, na sabuni ya magari ya Sh. 28,000. Jumla ni Sh. 100,000. Akimtoza mteja Sh. 2,000 zaidi, na Sh. 500 kati ya hizo ziende kwenye maji na sabuni ya ziada, hubakiwa na Sh. 1,500. Atarudisha mtaji akiosha magari 67. Kwa magari matatu kwa siku, ni siku 23 za kazi. Baada ya hapo kinachoongezeka ni chake, ilmradi taulo zifuliwe kila siku na zisichanganywe na za matairi.

Tahadhari moja kwa mwekezaji huyo: asijenge kibanda chake kando ya mto ili apunguze gharama ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, shughuli zinazoweza kuviathiri. Sababu yake haiko mbali. Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowanywesha wakazi wa Jiji la Tanga. Oili na sabuni zinazotupwa mtoni huishia kwa jirani, pengine kwa mteja huyohuyo. Mwenye busara huchimba shimo la kokoto na mchanga la kuchujia maji machafu, huvuna maji ya mvua, na huomba kibali kabla ya kununua pampu.

MNUNUZI NAYE AJIHADHARI

Kwa anayetafuta gari la mkononi, somo ni lilelile kwa upande wa pili. Usikague gari kivulini, likiwa limelowa maji au limetoka kupakwa mafuta sasa hivi. Lisogeze juani likiwa kavu, simama pembeni, tazama boneti kwa mshazari. Michirizi ya mviringo itakuambia lilivyotunzwa, na itakupa hoja ya kupatana bei.

Na kwa muuzaji, hoja hiyo haifutiki siku ya mauzo. Huondolewa wiki kwa wiki, kwa kumwambia kijana mwenye kitambaa begani: mwanangu, maji kwanza.